Kabati la Vyombo na Vidaka vya Pate: Kusoma Al-Inkishafi katika Mitaa ya Eastlands

UTANGULIZI

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, huenda jina Al-Inkishafi unalijua kwa kulisikia tu. Hutajwa tunapofundisha historia ya ushairi wa Kiswahili, jina la mtunzi likafuata, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, kisha tukaongeza sentensi moja kwamba shairi hilo linaeleza kuanguka kwa mji wa Pate. Baada ya hapo somo husonga mbele. Mwanafunzi anayeishi Jericho, Kayole au Umoja hubaki akiamini kwamba Pate ni mahali pa watu wa kale, wenye lahaja ngumu na huzuni isiyomhusu.

Makala haya yanadai kinyume. Al-Inkishafi ni shairi kuhusu nyumba: taa zake, vyombo vyake, vyumba vyake na watu waliolala ndani yake. Mwanafunzi wa Eastlands anajua nyumba ni nini, na anajua pia mtaa unaochakaa huwa vipi. Kwa hivyo analo la kusema kuhusu shairi hili. Lakini ipo hatari. Tukimfundisha kwamba jamii hupanda na kushuka kama gurudumu, basi, tutakuwa tumemfundisha kukubali maji taka yanayopita mlangoni kwao kama majaliwa. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili.

USULI WA SHAIRI

Mtunzi aliishi Pate, katika funguvisiwa la Lamu, na shairi lenyewe linakadiriwa kutungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Pate ilikuwa imestawi sana katika karne za 17 na 18 chini ya utawala wa Wanabahani. Biashara ya Bahari ya Hindi iliwaletea wakuu wake hariri, vyombo vya kauri kutoka China na fedha za kujengea majumba ya mawe. Kufikia wakati wa mtunzi, neema hiyo ilikuwa inayoyoma. Wakuu waligombania ufalme. Mji ulikosana na jirani yake Lamu, na takriban mwaka wa 1813 majeshi ya Pate pamoja na ya Wamazrui wa Mombasa yalishindwa vibaya huko Shela. Baada ya hapo Lamu iliomba ulinzi wa Oman, na nguvu za Seyyid Said zikazidi kutanda pwani. Bandari ya Pate nayo ina maji machache, vyombo vikubwa haviifikii kwa urahisi, na biashara ikahamia kwingine.

Zingatia jambo hili: sababu nilizozitaja hapo juu hazimo ndani ya shairi. Mtunzi hazungumzii Shela, bandari wala Oman. Anauhutubia moyo wake mwenyewe, anauonya kuhusu dunia anayoifananisha na bahari iliyochafuka na pia na mzoga unaogombewa na mbwa, kisha anaupeleka moyo huo kwenye magofu ukajionee. Ukiulizwa nafsineni na nafsinenewa katika shairi hili, jibu ni la pekee kidogo: nafsineni ni mja mcha Mungu, na nafsinenewa ni moyo wake. Mtu anajisema mwenyewe. Ndiyo maana toni yake ni ya majuto na si ya kusuta.

NYUMBA KAMA KITOVU CHA MAUDHUI

Wahakiki wengi huliweka shairi hili katika kundi la mashairi ya kidini, nao hawakosei. Hata hivyo, ukisoma beti zinazoeleza Pate utaona kwamba mtunzi hataji misikiti iliyoporomoka wala majeshi yaliyoshindwa. Anataja taa za kioo na za shaba zilizofanya usiku uwe kama mchana. Anataja vyombo vya kauri vilivyoteuliwa, vikombe vyenye nakshi na mitungi ya kioo iliyopangwa katikati. Kisha anatuonyesha nyumba zile zile baada ya wenyewe kuondoka: mende wanavuma katika vyumba vya ndani, nyenje wanalia kumbini, na vile vidaka vya ukutani vilivyokuwa na sahani sasa vinalaliwa na makinda ya ndege. Bundi anakoroma mahali watu walipokuwa wakilala.

Hapa mwalimu atahitaji kueleza kidaka ni nini. Ni kishubaka kilichochimbwa katika ukuta wa nyumba ya mawe, na katika nyumba za matajiri vilipangwa safu kwa safu, kila kimoja na chombo chake. Havikuwa mahali pa kuweka vyombo vya kulia kila siku. Vilimwonyesha mgeni kwamba hapa pana heshima.

Sasa waulize wanafunzi wako: katika nyumba zenu, kitu gani kinafanya kazi hiyo? Hawatachelewa. Watakutajia kabati la vyombo lililo sebuleni, lenye milango ya vioo, glasi zisizoguswa isipokuwa mgeni akija, sahani za maua alizonunua mama kwa pesa za chama, na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono juu ya viti. Hata katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande huu kitanda na upande ule jiko, kabati halikosekani. Mwanafunzi akishaliona hilo, lahaja ya Kiamu haitamtisha tena. Ataelewa kwamba mtunzi alipotaka kuusemea mji mzima alianza na sahani, kwa sababu sahani ndiyo iliyoguswa na mkono wa mama wa nyumba.

Hii ndiyo mbinu ambayo mtahiniwa anapaswa kuiandikia hoja. Taswira ya kidaka chenye makinda ni jazanda ya jamii nzima. Pia ni kinaya: mahali palipotengewa kitu kisichotumika, kwa fahari tu, sasa pamepata matumizi halisi, ila mtumiaji si binadamu.

MPANDA NGAZI AU UFA?

Waswahili wana methali mbili zinazofaa kuwekwa kando kwa kando darasani. Ya kwanza ni Mpanda ngazi hushuka. Ya pili ni Usipoziba ufa utajenga ukuta. Zote mbili zinaeleza kuharibika kwa jambo lililokuwa zima. Tofauti ni kwamba ya kwanza inaona kushuka kama sheria ya ulimwengu, na ya pili inamtafuta mtu aliyeuona ufa akanyamaza.

Mwanazuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka wa 1332 na kufariki Cairo mwaka wa 1406, alijaribu kuyaunganisha mawazo hayo mawili. Katika kitabu chake Muqaddimah, alichokiandika mwaka wa 1377, alieleza kwamba hadhi ya ukoo mara nyingi haipiti vizazi vinne. Wa kwanza anaijenga na anajua gharama yake. Wa pili amemwona babaye akijenga, kwa hivyo anajua nusu yake. Wa tatu anaiga tu. Wa nne anadhani hadhi ilikuwapo tangu azali na kwamba ni haki yake kwa kuzaliwa, naye ndiye anayeipoteza. Nguvu inayopungua katika safari hiyo aliiita asabiya, yaani mshikamano wa watu wanaotegemeana. Utaona kwamba hata kwake gurudumu halizunguki lenyewe. Huzunguka kwa sababu watu wameacha kufanya jambo fulani.

Turudi kwa mtunzi wetu. Je, yeye yuko upande gani? Ukisoma haraka utasema yuko upande wa ngazi: waliopanda wameshuka, nawe utashuka, tubu. Lakini angalia anachokilaumu. Analaumu kiburi, mwendo wa maringo, usingizi mnono juu ya vitanda vya fahari huku mtu akipepewa. Hizo ni tabia, na tabia huchaguliwa. Onyo lisingekuwa na maana kama moyo anaouonya hauwezi kubadilika. Kwa hivyo mimi naliona shairi hili kuwa shairi la ufa lililovaa nguo za shairi la ngazi, na mtahiniwa anayeweza kuitetea hoja hiyo kwa ushahidi wa beti ataonekana amesoma.

Kuna swali jingine ambalo mtunzi halijibu, nasi hatupaswi kulikwepa. Waliokuwa wakiwapepea wakuu wale walikuwa nani? Pate ilikuwa jamii yenye watumwa. Mji uliporomoka kwa yule aliyelala kitandani. Aliyeshika upepeo huenda alikuwa na historia tofauti ya mji uo huo. Shairi linapolia, linalia kwa niaba ya tabaka moja. Kulisema hili si kumdharau mtunzi. Ni kumsoma mzima mzima.

MWANA KUPONA: NYUMBA INAPOENDELEA

Ili mjadala usibaki magofuni, napendekeza shairi hili lifundishwe sambamba na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858 katika funguvisiwa lilo hilo. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana kwa miaka mingi kuuzuia ufalme wa Zanzibar usimeze mji wake. Mume alifariki mwaka wa 1856. Miaka miwili baadaye mjane huyu, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake Mwana Hashima akae karibu na wino na karatasi, akamtungia wasia. Yeye mwenyewe alifariki yapata mwaka wa 1860, na katika miaka iyo hiyo ya 1860 Siyu ikatiwa mikononi mwa Zanzibar.

Yaani huu ni utendi uliotungwa katikati ya anguko. Lakini ukiusoma, vita havisikiki. Unasikia habari za dini na adabu, kutosema uongo, kutunza usafi wa nyumba hadi msalani, kujipamba, kumtendea mume kwa upole akilala na akiamka, kuwapenda maskini na kuwajali. Wahakiki wa siku hizi wameukosoa kwa jinsi unavyomfunza mke utii, na ukosoaji huo una haki yake. Hata hivyo, liko jambo ambalo hupita bila kutazamwa. Mama huyu alikuwa ameshuhudia siasa za wanaume zikishindwa, naye akaamua kumwachia bintiye kile asichoweza kunyang'anywa na jeshi: namna ya kuishi na watu ndani ya nyumba na nje yake.

Sayyid Abdalla anatuonyesha nyumba baada ya wenyewe kuondoka. Mwana Kupona anatuonyesha nyumba wakati mama bado yumo, anafagia, anasema na mwanawe, ingawa mji unakaribia kupotea. Ukimpa mwanafunzi shairi la kwanza pekee, atajua jamii hufa. Ukimpa yote mawili, atauliza swali bora zaidi: jamii inapodhoofika, ni nini kinachofanywa jikoni, na je, kinatosha?

EASTLANDS NA HADITHI YA "ZAMANI"

Eastlands ina uhusiano na pwani kuliko wanafunzi wanavyodhani. Majengo ya Pumwani yalianzishwa katika miaka ya 1920 wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikibomoa vijiji vya Waafrika vilivyotawanyika Nairobi, kimojawapo kikiitwa Mji wa Mombasa. Nyumba zilizojengwa Pumwani zilifuata mtindo wa Waswahili: ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Baadaye ilikuja mitaa mingine. Kaloleni ni ya miaka ya 1940, yenye nyumba zilizozunguka viwanja vya nyasi. Jericho na mitaa ya Ofafa zilifuata katika miaka iliyokaribia uhuru. Miaka ya 1970 ilileta Buruburu, Umoja na mradi wa Dandora uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Kila mkazi wa siku nyingi ana Al-Inkishafi yake. Atakueleza kwamba zamani maji hayakukatika, taka zilizolewa, ua la mihangasi mbele ya nyumba lilipunguzwa, na watoto walicheza uwanjani hadi magharibi. Kisha atakuonyesha palipokuwa na nyasi pakawa na vibanda, nyumba ya chini ya Umoja iliyogeuka ghorofa linaloziba jua la jirani, na uzio wa Buruburu uliobomolewa ili duka lijengwe. Ukimsikiliza sana utadhani ni sheria ya ngazi.

Mwanafunzi afundishwe kuisoma hadithi hiyo kama anavyolisoma shairi, yaani kwa kuuliza imesahau nini. Imesahau, kwanza, kwamba mji wa kikoloni ulimtaka Mwafrika kama kibarua asiye na familia. Vyumba vingi vya awali vilikusudiwa wanaume peke yao, na mtu alitembea na kipande. Imesahau Aprili 1954, wakati wa Operesheni Anvil, ambapo wakazi wa mitaa hii hii walizingirwa na kukamatwa kwa maelfu. Kule kuwa na mke na watoto chini ya paa moja Eastlands ulikuwa ushindi uliochukua miaka.

Pili, hadithi hiyo imesahau sababu. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Mabomba ya maji taka ya mitaa ya kale hayakukua kwa kiasi hicho. Kodi ya nyumba za kanjo ilibaki ya chini, jambo lililowasaidia maskini, lakini ukarabati nao ukapuuzwa. Kati ya 1983 na 1992 jiji halikuwa na madiwani waliochaguliwa. Liliendeshwa na tume iliyoteuliwa, na mkazi hakuwa na wa kumwajibisha. Hizo ni nyufa, na kila ufa una tarehe yake.

Tatu, imesahau kwamba nyumba inaendelea. Babu aliyepewa nyumba Jericho alimwachia mwanawe, naye akawaachia watoto wake, vizazi vitatu katika vyumba vile vile viwili. Kwa hesabu ya Ibn Khaldun, anayesoma makala haya akiwa kidato cha tatu huenda ndiye kizazi cha nne. Lakini huyu hakurithi fahari ya kupoteza. Alirithi kabati la vyombo, mama anayeamka alfajiri kwenda Gikomba, na lugha. Mitaa hii ndiyo inayotajwa sana kuwa kitovu cha Sheng, na walimu tumezoea kuihesabu lugha hiyo kuwa dalili moja zaidi ya kushuka. Ningeomba tuwe waangalifu. Watoto wa makabila mengi waliokulia ua mmoja walihitaji namna ya kusemezana, wakaitafuta. Mshikamano huo ndio Ibn Khaldun aliouita asabiya. Kazi yetu ni kuwaongezea Kiswahili sanifu, si kuwaambia kwamba wao ni magofu.

KUHUSU FANI

Beti za Al-Inkishafi zina mishororo minne, mitatu ikiwa na kina kimoja na wa nne ukirudi kwenye kina kisichobadilika shairi zima. Ni rahisi kusema kwamba kina hicho kinachorudi ni gurudumu la dunia, nami nimesikia hoja hiyo ikisifiwa. Jihadhari nayo. Utendi wa Mwana Kupona una mpangilio wa aina hiyo hiyo kwa mizani nane, na wenyewe hauzungumzii gurudumu lolote. Kule kina kinachorudi kinasaidia binti kukumbuka wasia. Umbo halina maana kabla ya kuambatanishwa na maudhui. Mtahiniwa aandike kwamba katika Al-Inkishafi urudiaji huo unaupa msisitizo wito wa majuto, na atoe beti kama mfano.

Maswali ya balagha nayo yaelezwe vizuri. Mtunzi anauliza wako wapi watu fulani waliokuwa na sifa fulani. Jibu linajulikana, wamekufa. Kazi ya swali ni kumfanya msomaji alitamke jibu hilo mwenyewe.

HITIMISHO

Shairi la Sayyid Abdalla litaendelea kusomwa kwa sababu linasema kweli: nyumba hubaki tupu, na anayejisifu kwa sahani atazikwa bila sahani. Mwanafunzi wa Eastlands aipokee kweli hiyo. Lakini asiondoke darasani akidhani kwamba mtaa wao unaharibika kwa sababu mitaa huharibika. Mwonyeshe kidaka, kisha mwonyeshe ufa, kisha muulize ni nani aliyepaswa kuuziba na lini. Mwalimu akifika hapo atakuwa amefundisha ushairi, na uraia pia.

MASWALI YA MJADALA

1. "Al-Inkishafi ni shairi la nyumba kuliko la mji." Jadili.
2. Linganisha taswira ya nyumba katika Al-Inkishafi na katika Utendi wa Mwana Kupona.
3. Eleza jinsi methali "Mpanda ngazi hushuka" na "Usipoziba ufa utajenga ukuta" zinavyoweza kutumiwa kuhakiki mtazamo wa mtunzi wa Al-Inkishafi.
4. Mhoji mkazi wa siku nyingi katika mtaa wako kuhusu maisha ya zamani. Tenga anayoyakumbuka na anayoyaacha nje, kisha utunge shairi la beti nne ambalo nafsineni ni nyumba.